Kuvalisha mbao milango ya friji la kabatini: niliyojifunza kwenye jiko moja la Mbezi Beach

Maseremala wengi wa Dar es Salaam tumekulia kwenye vitanda, makochi, milango na makabati ya nguo. Friji kwetu lilikuwa kitu cha dukani: linaletwa, linachomekwa, linasimama kwenye kona ya jiko. Siku hizi wanaojenga wanaagiza mafriji ya kuzama ndani ya kabati. Yanakuja na milango mitupu isiyo na mkono wala urembo, na kazi ya kuivalisha milango hiyo mbao anaachiwa fundi. Mwaka jana nilipewa kazi hiyo kwenye nyumba moja Mbezi Beach. Nilikuwa sijawahi kuifanya, na sikumjua fundi wa kunielekeza. Naandika haya kwa ajili ya fundi atakayeitwa kesho, na kwa mwenye nyumba atakayemlipa, kwa sababu kazi ile ilikuwa imeshaharibika mara moja kabla sijafika, na fedha za mama wa watu zilikuwa zimeteketea.

Mama mwenyewe alikuwa amestaafu na kurudi kutoka Uingereza, friji likaja kwenye kontena pamoja na vyombo vyake. Fundi wa kwanza alimtengenezea vibao viwili vya mninga mtupu, kikubwa cha friji juu na kidogo cha friza chini, unene wa milimita 25, vyenye urembo wa kubandika pembeni na mikono ya chuma. Kwa macho vilikuwa vizuri kweli. Masika ilipoanza, kila kitu kikaanza kugoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita jikoni uone mwenyewe, mimi nimechoka kueleza."

Akaufungua mlango wa juu, ukakwaruza mlango wa kabati la jirani. Akaufunga, ukarudi bila kubana. Nikamwomba noti ya elfu kumi. Nikaiweka katikati ya raba ya mlango na mwili wa friji, nikafunga, nikaivuta. Upande wa bawaba noti iling'ang'ania. Kona ya juu, upande wa mkono, ilitoka yenyewe. Ndani ya friza kuta zilikuwa zimejaa barafu, na kompresa ilikuwa inaunguruma bila kupumzika. Mama akasema umeme wa Luku aliokuwa akinunua kwa mwezi sasa haumfikishi. Kipimo hicho cha noti anaweza kukifanya yeyote mwenye friji, la kuzama au la kawaida: zungusha noti kwenye raba yote, na pale inapotoka bila upinzani ndipo joto linapoingilia.

Mama alikuwa bado na kitabu cha maelekezo, kimo kwenye mfuko wake wa nailoni, hakijawahi kufunguliwa. Siku ya kwanza yote niliimaliza nimekaa na kitabu hicho, futi na penseli, sikukata hata kipande cha mbao. Mke wangu aliponipigia kuuliza kazi inaendaje nilimwambia nasoma, akadhani natania. Lakini kama kuna jambo moja ninaloliamini kwenye kazi hii, ni kwamba linaloamua ni friji, halafu mbao zinafuata. Kibao kile, kikishafungwa, ni sehemu ya mashine. Unene wake, uzito wake, upana wake na mahali pa kila skrubu vimeshaamuliwa na waliotengeneza friji, na seremala anabaki na uhuru kwenye uso tu.

Cha kwanza kukitafuta kitabuni ni namna mlango unavyobebwa, maana zipo namna mbili kuu. Kuna friji ambalo kibao cha mbao kinafungwa moja kwa moja kwenye mlango wake, na bawaba za friji ndizo zinazobeba uzito wote. Na kuna friji ambalo mlango wa mbao unaning'inia kwenye bawaba zake wenyewe za kabati, halafu unaunganishwa na mlango wa friji kwa reli ndogo ya plastiki inayoteleza kila unapofungua. La mama lilikuwa la namna ya kwanza. Kwa friji la namna hiyo kitabu kinaweka kikomo cha uzito, na kila friji lina kikomo chake. Hili kikomo kwa mlango wa juu kilikuwa kilo 10. Tulikishusha kibao cha zamani tukakiweka juu ya mizani ya bafuni: kilo 13, pamoja na urembo na mkono. Bawaba zilikuwa zimeshaanza kulegea na mlango umeinama upande wa mkono, na ndiyo sababu noti ilitoka pale kwenye kona.

Hesabu ya uzito fundi anaweza kuifanya kabla hajanunua mbao. Zidisha urefu, upana na unene kwa mita, kisha zidisha na uzito wa mbao kwa mita moja ya ujazo. Mninga mkavu ni kama kilo 640. Mkongo unakaribia 800. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ni kama 750. Kibao cha mita 1.1 kwa milimita 595, chenye unene wa milimita 25, kikiwa cha mninga kinapita kilo 10 kabla hujaweka hata skrubu moja. Kwa unene wa milimita 19 kinashuka hadi kilo 8. Penseli na simu vingetosha kumwokoa yule mama.

Unene nao una kesi yake nyingine. Mlango ukifunguka, kona ya kibao upande wa bawaba inazunguka, na kadiri kibao kinavyokuwa kinene ndivyo kona inavyotoka nje zaidi na kugonga kabati la jirani. Kitabu kinakuwa na jedwali dogo: unene huu unataka nafasi hii, na ukiiviringa kona kidogo kwa msasa nafasi inapungua. Vibao vingi vya aina hii ni vya milimita 16 hadi 19. Ule mkwaruzo niliouona ulitokana kwa sehemu na zile milimita 25, na fundi wa kwanza angeweza kulishindilia friji ndani ya kabati hadi jioni bila kuuondoa.

Nikalala chini kifudifudi nikamulika kwa tochi ya simu. Skatingi ya chini, pale miguuni mwa kabati, ilikuwa imezibwa yote kwa kibao kizuri cha mninga, na juu ya friji kabati limefungwa hadi darini. Hewa ya moto haikuwa na pa kutokea. Friji la kuzama linavuta hewa baridi chini, inapanda nyuma, inatokea juu, na kitabu chake kilitaka matundu yenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 200 chini na kiasi hicho hicho juu, pamoja na njia wazi ya karibu sentimita 4 mgongoni. Sentimita 200 za mraba ni mwanya wa sentimita 50 kwa 4. Nilikata mwanya huo kwenye skatingi, nikauwekea wavu wa alumini, na juu nikatoboa mwingine nyuma ya taji la kabati usikoonekana. Kabla ya kazi yoyote ya mbao, kompresa ilianza kupumzika. Mama alikisikia kimya chake akaja kuniuliza kama nimeizima.

Sasa mbao. Mama alitaka mninga kwa sababu jiko lote lilikuwa la mninga, na sikuwa na sababu ya kumbishia. Mninga wa Tabora na Katavi ni mbao tulivu kuliko nyingi tulizonazo, haupindi ovyo. Lakini hata mbao tulivu hupumua. Dar es Salaam wakati wa mvua hewa ina unyevu mwingi, na mbao iliyokaa wazi inatulia kwenye unyevu wa kama asilimia 15. Iingize kwenye jiko linalopigwa kiyoyozi kutwa nzima, inashuka kuelekea asilimia 9. Kibao kipana cha mninga mtupu cha milimita 595 kwa tofauti hiyo kinaweza kusinyaa au kutanuka milimita 3 au 4 kwa upana. Nafasi kati ya mlango na mlango ni milimita 3. Ndiyo maana vibao vya mama vilipita Disemba vizuri na kukwama Aprili, kiyoyozi kilipozimwa na madirisha kufunguliwa.

Kulikuwa na ubaya mwingine ambao niliuona tulipovishusha. Usoni vilikuwa na vanishi ya kung'aa, mgongoni mbao tupu. Upande mmoja umezibwa, mwingine unakunywa unyevu, kibao lazima kijikunje. Niliweka rula ndefu mgongoni, ikagusa katikati, pembeni nikaona mwanga. Kibao kilijikunja kiasi cha kuuvuta na mlango wa friji wenyewe.

Nilikwenda Buguruni kuchagua mbao. Niliomba zilizokatwa nyuzi zikiwa zimesimama, zile ambazo ukitazama kichwani mwa ubao mistari ya umri inakwenda juu na chini badala ya kulala. Hizo hucheza, yaani husinyaa na kutanuka, kwa kiasi pungufu kuliko zile za nyuzi zilizolala. Muuzaji aliniapia kuwa ni kavu. Huenda ni kavu kwa kitanda. Nilizipanga ndani ya jiko la mama, na vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, nikamwomba aendelee kuwasha kiyoyozi kama kawaida yake. Sina kipima unyevu. Nilikata kipande kidogo, nikakipima kwenye mizani yake ya kupimia unga, nikaandika gramu na tarehe juu ya kipande chenyewe kwa penseli. Mama akawa anakipima kila asubuhi na kunitumia ujumbe. Gramu zilishuka haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha zikasimama. Ziliposimama wiki nzima ndipo nilipoanza kazi. Kusubiri huko kulinigharimu, nilikuwa na kodi ya karakana Keko ya kulipa na vijana wawili wa kuwapa posho, na kuna usiku niliwaza niikate tu mbao yaishe. Fundi, usikubali wazo hilo. Mwambie mteja mapema kwamba kuna muda wa kukausha, uingize kwenye makubaliano, na katikati chukua kazi nyingine.

Sikutengeneza kibao kizima cha mninga. Nilitengeneza fremu ya mninga ya milimita 19, na katikati nikaweka plaiwudi nyembamba ya milimita 6 iliyobandikwa vinia ya mninga, yaani tabaka jembamba la mbao halisi, pande zote mbili. Pande zote mbili ni lazima, ukibandika upande mmoja plaiwudi inapinda. Fremu inacheza upana wa mbao zake nyembamba tu, kwa hiyo mchezo wote unakuwa mdogo sana, na uzito ukashuka hadi chini ya kilo 7 kwa mlango wa juu, bila mkono.

Lakini kabla ya kupanga upana wa mbao za fremu nilirudi kwenye friji. Vyuma vya kubebea kibao viko wapi? Kwenye friji hili, ukanda wa chuma unafungwa mgongoni mwa kibao, juu kabisa, ndio unaoning'inia kwenye boliti za kurekebishia, kisha pembeni na chini kuna vyuma vidogo vya kona. Ukanda ule ulikuwa unashuka chini kuliko upana wa kawaida wa mbao ya fremu, sentimita 7. Ningetumia sentimita 7, skrubu za chini za ukanda zingeangukia kwenye plaiwudi ya milimita 6, hazina pa kushika. Nikaipa mbao ya juu upana wa sentimita 11, na ya chini pia ili macho yasisumbuke. Ndani ya boksi la friji kulikuwa na karatasi kubwa yenye alama za matundu yote. Mwenye nyumba, usitupe karatasi hiyo. Niliibandika kwa selotepu mgongoni mwa kibao nikatoboa kwa kuifuata.

Viungo vya fremu nilipiga ulimi na tundu, ncha ya ubao mmoja ikiingia ndani ya mwingine, gundi kwenye viungo peke yake. Plaiwudi ya katikati haikupata gundi hata tone, inakaa ndani ya mfereji na imeachiwa milimita 2 kila upande. Na niliipaka vanishi kabla ya kuifunga ndani ya fremu. Ukiipaka baadaye, siku fremu inasogea utaona mstari mweupe usiopakwa pembeni mwake, na huwezi kuufikia tena. Vinia ya mlango wa juu na ya chini niliikata kwenye shiti moja kwa mfuatano, mistari ya mninga ikashuka kutoka mlango wa friji hadi wa friza bila kukatika. Hilo halikuwa kwenye kitabu. Nililifanya kwa sababu lilinifurahisha, na ndilo jambo la kwanza kila mgeni wa mama analolisema. Vumbi la mninga nalo lisichukuliwe kirahisi, linawasha pua na linaleta kifua. Funga barakoa hata kama unapiga msasa nje.

Vanishi: sila, ile ya kwanza ya kuziba vitundu vya mbao, mara mbili, kisha vanishi ya poliurethani mara tatu, kukwaruza na msasa laini katikati. Mgongoni sawasawa na usoni, idadi ileile. Kingo zote, hasa ya chini, na ndani ya matundu ya skrubu kwa brashi ndogo. Mlango wa friji una ubaridi kuzunguka raba, na hewa yetu ya pwani ikigusa ubaridi inaacha maji, maji yanatafuta ukingo usiopakwa. Kwa sababu hiyohiyo sikuthubutu MDF kwenye kazi hii, ikinywa maji inavimba na hairudi. Kisha acha vanishi ikauke kabisa kabla ya kufunga. Kuwa kavu mkononi hakumaanishi imeisha harufu, na siagi na maziwa yaliyo ndani ya friji yatabeba harufu ya thina kwa muda mrefu. Niliviacha vibao kwenye upepo hadi nilipoweka pua mgongoni nisisikie kitu.

Mkono unafungwa kwanza, kabla kibao hakijapanda, maana boliti zake zinaingilia mgongoni na baada ya hapo hakuna nafasi ya kuzifikia. Vichwa vya boliti vizamishwe ndani ya mbao. Kikichomoza hata kidogo, kibao hakilali sawa na kinabonyeza mlango wa friji. Tumia boliti mbili za kupita, usitegemee skrubu fupi za usoni: mlango wa friji una nguvu ya sumaku na mvutano wa hewa, unavutwa kwa nguvu kuliko mlango wa kabati, na kila siku mara nyingi.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua muda mrefu kwa sababu tulianza na friji lenyewe. Tuliweka pima maji juu yake, tukazungusha miguu mpaka likakaa sawa mbele na pembeni, tukalifunga kwenye kabati, na kabati kwenye ukuta. Lisipofungwa, siku milango yote miwili imefunguliwa imejaa chupa linaweza kuegemea mbele. Skrubu za ukanda tulitoboa njia kwanza, kina kikawekewa alama ya selotepu kwenye biti, kwa sababu mbao ni ya milimita 19 na skrubu isipite 15. Kisha kibao kikaning'inizwa, kikarekebishwa juu na chini, kushoto na kulia, halafu ndani na nje, kwa mpangilio huo. Kibao kisigandamize raba. Kinapaswa kubaki mbali kidogo na fremu ya kabati, milimita 2 hivi, ili raba ndiyo iwe ya kwanza kugusa. Noti ikazungushwa raba yote, ikang'ang'ania kila mahali. Zile bawaba zilizolegea tulizikaza na zikarudi, ingawa nilimwambia mama ukweli kwamba zikilegea tena zitabadilishwa.

Kuhusu fedha, nilimwomba mama laki saba za ufundi, mbali na vifaa. Alishtuka. "Mwanangu, milango miwili tu?" Nikamkalisha nikamwonyesha kitabu, mizani, kipande chenye gramu, matundu ya hewa. Tulikubaliana laki sita, nusu mwanzoni, robo fremu zikishakauka gundi, robo noti ikishashika. Malipo ya mwisho kufungwa kwenye noti lilikuwa wazo lake, na nimelichukua kwa kazi zangu zote za namna hii, maana mteja na fundi wote wanakuwa wanaangalia kitu kimoja. Vifaa vilikula karibu laki nne, na kilichokuwa ghali kuliko vyote ni vinia, siyo mbao. Fundi, usipige bei ya kazi hii kwa futi wala kwa idadi ya milango. Piga kwa siku, na siku za kusoma na kupima ni siku za kazi.

Kwa mwenye nyumba anayepanga jiko sasa: usimruhusu fundi kukata mbao kabla friji halijafika na kusimama mahali pake. Vipimo vya mtandaoni havitoshi. Tundu la kabati la mafriji mengi ya Ulaya ni upana wa milimita 560, lakini kimo kinatofautiana, na mpaka kati ya mlango wa juu na wa chini unatofautiana kabisa kati ya friji na friji. Soketi ya umeme iwekwe ndani ya kabati la pembeni, siyo nyuma ya friji, ili siku ya kuchomoa msihangaike kulitoa lote. Kama friji liko kando ya ukuta, acha kipande cha kujazia cha sentimita chache, la sivyo mkono wa mlango utagonga ukuta na droo za ndani hazitatoka. Na dai risiti ya mbao yako. Mninga unavunwa kwa kibali, na fundi anayenunua usiku kwa bei ya chini anakuuzia na tatizo lake.

Masika ya mwaka huu nilirudi Mbezi Beach kwa hiari yangu. Nafasi kati ya milango ilikuwa bado milimita 3, labda nusu milimita pungufu upande mmoja. Nilizungusha boliti moja ya kurekebishia robo mzunguko, nikapaka vanishi kidogo kwenye ukingo wa chini wa friza ambapo ndoo ya kudekia imekuwa ikigonga, nikamwachia mama chupa ndogo ya vanishi ileile na kipande cha vinia iliyobaki. Mgongoni mwa kila kibao, kabla ya kufunga, nilikuwa nimeandika kwa penseli aina ya vanishi, urefu wa skrubu na kikomo cha uzito, ili fundi mwingine atakayevishusha siku moja asilazimike kukisia.